Saa Tatu ya Mwalimu Kache

Pale Kona ya Musa, Ukunda, mwaka wa tisini na nane, redio yako ikinyamaza ulikuwa na njia mbili. Ungeipeleka kwa Mramba, naye angeipiga kofi, akaitikisa, akaitegea sikio, kisha akakwambia uje kesho. Na kesho ukija, angekwambia uje kesho. Au ungeipeleka kwa Mbula, kibanda cha pili, naye angekuuliza maswali mpaka ukajuta kwa nini ulinunua redio. Ilinyamaza ghafla au ilififia? Ilinuka? Ilinuka nini, mpira au nywele zilizoungua? Na nani aliyekuwa ameishika? Wenye haraka walikwenda kwa Mramba. Waliotaka redio iseme walikwenda kwa Mbula wakajibu maswali.

Jina lake kamili lilikuwa Everlyn Mbula Maweu, Mkamba wa Shimba Hills. Na msinikatize, najua Shimba Hills si Ukambani. Babake, mzee Maweu, alishuka kutoka bara na jembe na mke, zama zile watu walipokuwa wakigawiwa mashamba, akapanda michungwa, akazaa watoto sita, na hakurudi alikotoka ila kwa mazishi. Mbula alizaliwa huku huku, akalelewa kwa wali wa nazi huku huku, na Kiswahili chake kilikuwa cha pwani hasa, isipokuwa akipandwa na hasira au hofu. Hapo herufi ya r ilimkimbia, akabaki na l peke yake.

Mambo ya umeme aliyaanza kwa dhambi. Akiwa na miaka kumi na mmoja aliichukua redio ya babake, akazigeuza betri kichwa chini miguu juu, apate kusikia itasema nini. Haikusema kitu, wala haikusema tena maisha yake yote. Mzee Maweu hakumpiga. Alikaa tu juu ya gunia la machungwa akaitazama ile redio, na kimya chake kilimwuma mtoto kuliko kiboko. Tangu siku hiyo Mbula akajiwekea sharti: hachomeki kitu kwenye umeme kabla hajakifungua akakiona tumbo.

Mramba alimcheka sana kwa sharti hilo. "Huyu mama hata tochi ataifanyia operesheni," alikuwa akiwaambia wateja.

"Na wewe hata operesheni utaifanya kwa kofi," Mbula alimjibu, bila kuinua macho.

Walitaniana hivyo mwaka nenda mwaka rudi, wakiazimana koleo na sukari. Akili ni nywele, kila mtu ana zake.

Basi Jumatatu moja asubuhi Mbula alikuwa ameinama juu ya tepu ya teksi, chuma cha kulehemu mkononi, akasikia sauti nyuma yake.

"Everlyn Mbula. Kaa wima."

Akakaa wima kabla hata hajajua ni nani. Mgongo una kumbukumbu zake, nyinyi. Alipogeuka alimwona Mwalimu Kache, aliyemfundisha darasa la tatu na la nne, mrefu vile vile, mkavu vile vile, viatu vinang'aa utadhani vumbi la Ukunda limempisha njia. Kilichobadilika ni mvi tu.

"Shikamoo, Mwalimu!"

"Marahaba. Nywele umezifanyaje?"

"Nimesuka, Mwalimu."

"Naona."

Mwalimu Kache alikuwa Mduruma wa upande wa Kinango, aliyeolewa Msambweni. Alifundisha miaka thelathini na mmoja akastaafu, na katika miaka hiyo yote methali yake ilikuwa moja, ameiandika juu ya ubao kwa chaki na haifutwi: Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Fimbo ilikaa nyuma ya mlango kwa wale ambao methali haikuwaingia. Na aliyethubutu kumwambia, "Mwalimu, hapo umekosea," basi huyo alikuwa amejitakia mwenyewe.

Akaweka fundo la leso juu ya meza ya Mbula, akalifungua. Ndani mlikuwa na kidude cheusi kama tofali, kimepasuka katikati, na waya uliotafunwa ukabaki nyuzi.

"Ni nini hii, Mwalimu?"

"Ni kazi ya mbuzi," alisema Mwalimu Kache, kwa uchungu.

Mkasa wenyewe ulikuwa hivi. Mwingereza mmoja, kijana wa kujitolea aliyeitwa Colin, alifundisha naye shule moja hapo nyuma, na alipokuwa akirudi kwao mwaka wa themanini na sita alimwachia kompyuta yake ya nyumbani. Si hizi za sasa zenye sanduku na kioo chake. Hiyo ilikuwa kibodi tupu, nene, unaiunganisha na televisheni, na kumbukumbu zake inaziweka kwenye kaseti, kaseti hizi hizi tunazosikilizia taarab. Wengine wangeifanya pambo. Mwalimu Kache alijifunza kuitumia, akaanza kuwafuata wazee wa kwao, nyumba kwa nyumba, akikusanya maneno ya Kiduruma ambayo vijana wameyaacha: maneno ya rangi za ng'ombe, ya nyasi, ya upepo unaotangulia mvua, ya kumkanya mtoto bila kumtukania mamake. Kwanza aliyaandika kwenye madaftari, ndipo akayaingiza kwenye mashine. Madaftari yaliliwa na mchwa mwaka wa tisini na nne. Zikabaki kaseti.

Na kaseti zile bila mashine ile si kitu. Ukizitia kwenye redio unasikia mlio wa bati linalokwaruzwa, basi. Wazee kumi na watano walimpa maneno, na kumi na wawili walikuwa wamekwisha zikwa. Wahenga walisema penye wazee haliharibiki neno. Haya, na wazee wenyewe wakiisha?

"Nilikuwa nimeamua mwaka huu niyanakili yote kwenye karatasi, nipige chapa," alisema Mwalimu Kache. "Nikatoka kwenda kuteka maji tu. Nimerudi namkuta mbuzi sebuleni, tofali la umeme liko sakafuni, waya uko mdomoni. Plagi yake ilikuwa na pini za shaba. Sijaiona tena mpaka leo."

"Mwalimu, adapta si zimejaa madukani!" Mramba alirukia kutoka kibandani kwake.

Mwalimu Kache akageuka akamtazama. Mramba hakuwahi kusoma kwake hata siku moja, lakini alivua kofia.

Mbula akaeleza kwa adabu kwa nini adapta ya dukani haifai. Alikuwa amekwisha kulichungulia lile tofali na kuona maandishi. Mashine ile ilitaka umeme wa aina mbili kwa wakati mmoja. Ilitaka volti tano za DC, umeme uliotulia, kwa ajili ya ubongo wake. Na ilitaka volti tisa za AC, umeme unaopanda na kushuka, kwa ajili ya kazi nyinginezo. Zote zinaingilia tundu moja la duara, kila moja na pini yake. Ukikosea, zile volti tisa zikaingia kwenye ubongo, ni moshi mmoja tu na mambo yamekwisha. Na mashine nyingine kama ile huipati, uanzie Lunga Lunga uishie Likoni.

"Kutengeneza tofali jipya naweza," alisema. "Kazi ni kujua pini ipi ni ipi. Plagi ingekuwapo ningeifuata."

"Plagi ameila mbuzi. Lakini mimi niliandika." Mwalimu Kache akatoa daftari dogo mkobani. "Colin alinieleza kabla hajaondoka, nikaandika hapo hapo. Nilijua iko siku."

Mbula akasoma. Mwandiko ulikuwa ule ule wa ubaoni, herufi zimesimama kama watoto mstarini: *Tundu la mashine, ukilitazama kwa nje, pengo likiwa chini. Saa tatu: volti 5. Saa tisa: volti 9 za AC. Ya katikati, juu: ardhi. Mbili zilizobaki hazina kazi.*

Alikaribia kumkumbatia. Wateja wake wamezoea kumwambia "ule waya wa pale, unaofanana na ule mwingine," na leo anapewa maelezo kama haya! Akachora duara kwenye karatasi, akalifanya uso wa saa. Saa tatu, akrabu fupi iko kushoto, kwenye namba tisa. Mtoto yeyote wa Kiswahili anajua. Akaandika 5 kushoto. Saa tisa, akrabu iko kulia, kwenye namba tatu. Akaandika 9 kulia. Mambo safi.

Siku mbili alishughulika. Transfoma aliitoa kwenye amplifaya ya hoteli moja ya Diani iliyokuwa imemfia mkononi mwaka uliopita, akaongeza IC ya kutuliza umeme ubaki volti tano, akaipa IC bati la kupozea joto. Plagi ya duara yenye pini tano aliipata kwenye tepu kuukuu ya Mramba, ambayo Mramba alikuwa ameipiga makofi ya kutosha. Akalehemu nyaya, akikumbuka kugeuza kushoto na kulia, maana plagi na tundu hutazamana kama watu wawili wanaosalimiana, kulia kwako ndiko kushoto kwa mwenzako. Akapima: tano kamili hapa, tisa na ushei kule. Akaridhika. Hata Mramba alikuja kutazama akasema si mbaya, na kwa Mramba hiyo ni sifa ya kutungiwa wimbo.

Alhamisi akaenda Msambweni.

Mbuzi alikuwa amefungwa uani kwa kamba fupi, mkia unacheza, hana habari wala hana majuto. Sebuleni mashine ilikuwa mezani mbele ya televisheni, imefunikwa kitambaa cha kufuma, na kando yake sanduku la viatu limejaa kaseti. Mbula alitaka kuanza. Mwalimu alitaka anywe chai. Walikunywa chai. Katika nyumba ile hapakuwa na umeme kabla ya mahamri.

"Sasa," alisema Mwalimu Kache, akipangusa makombo, "chomeka."

"Naomba kwanza niifungue, Mwalimu."

"Kwani imeharibika? Lililoharibika ni tofali."

"Ndiyo desturi yangu tu."

Mwalimu Kache hakupenda, lakini aliketi akakunja mikono. Mbula akalegeza skrubu sita, akainua kibodi. Ndani mlikuwa na mchanga, mende watatu waliokauka na sindano ya kushonea. "Nimeitafuta hiyo tangu Krismasi," alisema Mwalimu. Mbula akapangusa kwa brashi, kisha akatoa mita yake, ile inayolia ncha zake mbili zikikutana njia moja. Akaweka ncha moja kwenye pini ya kushoto, pini ya saa tatu, na nyingine kwenye mguu wa IC ya ubongo wa mashine, ule ambao kila fundi anajua ndio unaokula volti tano.

Kimya.

Akajaribu tena. Kimya. Akaihamisha ile ncha akaigusisha pini ya kulia, pini ya saa tisa, ambayo yeye mwenyewe ameipelekea volti tisa. Mita ikalia.

Akaifuata njia ya shaba kwa macho, akaifuata kwa kidole, akaifuata tena kwa mita. Pini ya kushoto ilikwenda kwenye diodi nene, mahali pa kupokelea AC. Pini ya kulia ilikwenda moja kwa moja kwenye ubongo. Plagi aliyoilehemu kwa siku mbili, kwa kulifuata daftari neno kwa neno, ingeiua ile mashine kabla Mwalimu hajapepesa jicho.

"Mbula, unangoja nini?"

"Mwalimu, naomba radhi. Daftari na mashine havikubaliani."

"Daftari hilo nimeliandika mimi."

"Naam, Mwalimu."

"Siku ile ile, Colin amesimama hapo uliposimama wewe."

"Naam, Mwalimu."

"Basi kilichokosea ni hicho kidude chako."

Mbula akazigusisha ncha mbili za mita. Ikalia. Haikuwa na kosa, wala haikuwa na adabu.

Hapo ndipo shetani alipomjia, na alimjia kwa sauti ya upole. Chomeka, akamwambia. Wewe ni fundi wa redio, kompyuta umeijulia wapi? Aliyeandika ni mwalimu wako. Ikiungua, imeungua kwa mwandiko wake mwenyewe, nani atakulaumu? Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Na Mbula, mwanamke wa miaka thelathini na mitano, mwenye kibanda chake na jina lake mjini, alihisi viganja vyake vinawasha kama vya mtoto wa darasa la tatu. Nasema kweli, alitaka kuchomeka. Alitaka kumtii mwalimu wake aende zake.

Macho yake yakaanguka kwenye sanduku la viatu. Kila kaseti ilikuwa na jina kwa ule ule mwandiko uliosimama. *Mzee Rai: ng'ombe na rangi zao. Bibi Boga: mvua na pepo.* Akaweka kiganja juu ya lile tundu la duara akaliziba.

"Sichomeki, Mwalimu."

Katika miaka thelathini na mmoja, aliyewahi kumwambia Mwalimu Kache neno la namna hiyo ndani ya chumba ni mkaguzi mmoja wa shule, naye alihamishwa.

Mwalimu akasimama. "Rudia."

"Sichomeki. Nikichomeka ulivyoandika, wazee wako wote watakufa mala ya pili!" Machozi yalikuwa yanamlenga, na r imekwisha kukimbia. "Nipige ukitaka. Lakini naomba kuuliza swali moja kwanza."

"Uliza."

"Colin alipokueleza, alikueleza kwa Kiswahili au kwa Kiingeleza?"

"Kiswahili cha Colin kilikuwa cha kuombea maji tu. Alinieleza kwa Kiingereza. Alisema pini iko saa, akataja tatu, nami nikaandika ta—"

Akaishia hapo hapo, mdomo wazi. Akainua mkono, akaitazama saa yake, halafu akalitazama tundu, halafu akaitazama saa tena. Tatu ya Mwingereza iko kulia. Tatu yetu iko kushoto. Colin alitaja ya kwao, Mwalimu akaiandika kwa lugha yetu bila kuigeuza, na Mbula akaisoma kama inavyosomwa huku. Kila mmoja alikuwa amesema kweli, na kwa kweli hizo zote mashine ingekuwa majivu.

Na msichokijua ni hiki. Somo la saa, darasa la tatu, ndilo lililompa Mwalimu Kache jina wilaya nzima. Alikuwa na saa ya ubao aliyoichonga mumewe, mishale inazunguka, na alisimama mbele ya darasa akiuliza kwa Kiingereza, akitaka jibu kwa Kiswahili. Aliyesahau kugeuza alionja fimbo. Watoto waliimba wimbo wake mpaka njiani wakienda kuchota maji.

"Ongeza sita," alisema Mbula polepole, karibu kwa kunong'ona.

"Punguza sita," Mwalimu Kache alimalizia. Akaketi kitini puu. "Toba! Mimi? Mimi mwenyewe?"

Mabega yake yakaanza kutikisika. Mbula alidhani analia, akakimbilia kumshika, kumbe mama wa watu anacheka. Alicheka akashika mbavu, alicheka mpaka mbuzi akaitika uani, na Mbula naye, aliyekuwa na machozi tayari, akayatumia hayo hayo kwa kicheko.

"Na nilimchapa Chengo fimbo nne kwa kosa hili hili," Mwalimu alisema akijifuta macho. "Siku hizi ni diwani! Lo, lo, lo."

Mbula akapasha moto chuma chake, akabadilisha nyaya mbili, akapima mara tatu. Safari hii Mwalimu alimsimamia begani akimulika tochi, na kila mita ilipolia aliitikia kwa kichwa. Alipomaliza, Mbula akasema Bismillahi, yeye Mkristo wa tangu kuzaliwa, ndivyo pwani inavyomfanya mtu, akachomeka. Taa ndogo nyekundu ikawaka. Televisheni ikakwaruza, ikatulia, ikawa ya buluu, na kwenye pembe juu pakatokea kijimraba cheupe kinapepesa, kinangoja mtu aseme kitu.

Mwalimu Kache alikiinamia akakitazama. Alikuwa ameshika meza.

"Mbula. Ungeninyamazia, ingekuwaje?"

"Ingeungua, Mwalimu."

"Yote?"

"Mashine ingeungua. Na kaseti zingebaki kelele tu."

Mwalimu akatikisa kichwa taratibu. "Miaka thelathini na mmoja nimewafundisha watoto wa watu kuninyamazia," alisema. "Nilidhani ni adabu." Hakuwa anacheka tena. "Ilikuwa ngumu kuniambia?"

Mbula alifikiri kumdanganya, kwa heshima. "Ilikuwa ngumu sana, Mwalimu. Nilikuwa karibu nichomeke."

"Nisamehe."

Mbula hakujua aweke wapi mikono. Mwalimu wako akikuomba msamaha unafanya nini? Hakuna somo hilo. Akasema tu, "Tutie kaseti, Mwalimu," na Mwalimu akatia kaseti.

Kinasa cha kaseti kikaanza kulia ule mlio wake wa bati, dakika moja, mbili, tano, wao wawili wamekaa bega kwa bega hawapumui. Kisha mlio ukakatika, na maneno yakaanza kushuka kwenye kioo, meupe juu ya buluu, mstari chini ya mstari. Mzee Rai na ng'ombe wake, mwekundu mwenye paji jeupe, mweusi wa madoa, yule wa rangi ya majivu ambaye hatolewi mahari nje ya ukoo. Mwalimu aliyasoma kwa sauti, kwa lafudhi ya mzee mwenyewe, na alipofika mahali fulani akasema, "Hili alinipa akiwa kitandani, wiki ile aliyofariki. Alhamdulillahi. Lipo." Machozi yakamteremka bila yeye kujali kuyafuta.

Walitia kaseti ya pili, ya maziwa na vyombo vyake. Mbula aliona kwamba karibu kila neno la mle lilikuwa na kijisalaba pembeni.

"Misalaba hii ni ya nini, Mwalimu?"

"Maneno yaliyokufa. Mzee aliyenipa alilijua, lakini nilipouliza huku na huku sikumpata mwingine anayelisema. Nikalitia alama." Akaigeuzia kibodi upande wa Mbula. "Nisomee wewe, macho yangu yamechoka. Na ukiona kosa, sema. Usininyamazie."

Mbula akasoma. Alisoma vibaya, kwa ulimi wa Kikamba, na Mwalimu akamsahihisha hapa na pale kwa sauti ya chini. La kwanza, msalaba. La pili, msalaba. La tatu, la kibuyu cha kusukia, msalaba. Akafika neno moja fupi, maana yake maziwa yaliyolala siku moja, si mabichi tena wala hayajawa mgando, msalaba. Akasita.

"Mwalimu, hapa pana kosa."

Mwalimu Kache akavuta kiti. "Wapi?"

"Msalaba huu. Neno hili nalisikia kila asubuhi. Kuna Mama Tsuma, anatoka Kinango na maziwa yake, ananiuzia pale kibandani. Huniuliza nataka mabichi au nataka," na akalitamka, vibaya vile vile.

"Ni mzee?"

"Mzee wapi! Hata thelathini hajafika."

"Amelisikia kwa nyanyake, basi. Litaishia kwake."

"Haliishii kwake, Mwalimu. Tsuma mwenyewe ana miaka miwili, yuko mgongoni. Ndilo neno analolilia akiona kibuyu."

Mwalimu Kache akamtazama, akakitazama kioo, midomo yake inalirudia lile neno bila sauti. Kisha akanyoosha kidole kimoja, akatafuta kitufe, akaufuta ule msalaba.